Naogopa hata kugeuka kitandani, na nyumbani wanataka nirudi

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo.

Naandika barua hii nikiwa nimelala kwa ubavu wa kushoto, kama nilivyoagizwa, katika chumba cha ndani nyumbani kwa wifi yangu hapa Mwanza. Nina umri wa miaka 29, nimeolewa, na tuna binti mmoja wa miaka mitano. Nyumbani kwetu ni Ukerewe, si mbali na Nansio, ambako mume wangu anafanya biashara ya dagaa na mimi nafundisha watoto wa chekechea katika shule ya binafsi. Sasa nina ujauzito wa mapacha, wiki ya 32.

Hadi wiki ya 28 sikuwa na tatizo zaidi ya uchovu na miguu kujaa. Nilikwenda kazini, nilichota maji, nilipika, na siku za mzigo nilimsaidia mume wangu kuhesabu magunia. Katika wiki ya 29 tumbo lilianza kukaza na kuachia kwa vipindi, nikavushwa kuja Mwanza na kulazwa. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba watoto wako salama, kila mmoja ana kondo lake la nyuma, wa kwanza ametanguliza kichwa na wa pili amelala mkingamo, lakini mlango wa kizazi umeanza kufupika. Nilichomwa sindano nne za kukomaza mapafu ya watoto, uchungu ukatulia, na baada ya siku chache nikaruhusiwa kutoka kwa agizo kwamba nipumzike kitandani hadi nitakapojifungua na nisikae mbali na hospitali.

Agizo hilo nimelishika kwa nguvu zangu zote. Choo cha hapa kiko nje, ng'ambo ya ua, kwa hiyo najisaidia kwenye ndoo na wifi ndiye anayekwenda kuimwaga. Ananiogesha, ananiletea uji na chakula kitandani, na huku ana watoto wake watatu na genge la mboga ambalo zamani alilifungua alfajiri na sasa hulifungua saa nne. Hajawahi kuniambia neno baya hata moja. Hata hivyo nasikia anavyoshusha pumzi kila anapoinua ile ndoo, na natamani ardhi inimeze.

Kinachonitesa zaidi ni hofu. Nikipiga chafya natetemeka. Nikizinduka usingizini na kujikuta nimelalia ubavu wa kulia, moyo unanienda mbio nikidhani nimewadhuru watoto. Wakitulia kwa muda nakaa nikiwaomba wacheze. Mama mkwe amesema kwenye simu kwamba haya yote yameletwa na ndoo za maji nilizokuwa nabeba kutoka ziwani, na tangu aliposema hivyo sipati usingizi wa maana.

Mama mkwe huyo alitoka Magu kwenda Ukerewe ili kumtunza binti yetu, na kwa hilo namshukuru. Watoto ameshawaita Kulwa na Doto, na anaamini kwamba wanapaswa kuzaliwa alipo baba yao. Amenitumia kwa abiria wa meli chupa ya dawa ya mizizi, akisema itaufunga mlango wa kizazi. Nimeificha chini ya kitanda bila kuinywa na bila kumwambia mtu.

Mume wangu mwanzoni alikuwa akija kila wiki. Sasa haji, anasema nauli na gharama zimemzidi, na anataka nirudi nyumbani. Anasema wanawake wanajifungua mapacha Nansio kila mwaka, kwamba kitanda ni kitanda popote, na kwamba nikiwa nyumbani mama atanihudumia na binti yetu ataniona. Hapo ndipo ananigusa, kwa sababu binti yangu alikuwa akiniuliza kwenye simu, "Mama, unaumwa nini?", na juzi alipopewa simu alikataa kuzungumza nami. Lakini mimi naogopa maji. Tangu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara mwezi Septemba 2018 sijawahi kuvuka kwa amani, na sasa nawaza kuvuka usiku nikiwa na uchungu.

Kliniki iliyopita daktari alisema kwamba kama nyumbani hapana utulivu naweza kulazwa wodini hadi nijifungue. Mume wangu alikataa moja kwa moja akiuliza nani atalipa na nani ataleta chakula. Mimi mwenyewe sikumbuki usiku hata mmoja niliolala vizuri kule wodini.

Mkuu wa shule naye amenitumia ujumbe kwamba nisipokuwa kazini ifikapo mwisho wa mwezi atatafuta mwalimu mwingine. Huu ni mwaka wangu wa tatu pale, na nina mkataba wa maandishi.

Jambo dogo la mwisho: kwa siku mbili tatu sasa shavu la mguu wa kushoto linaniuma, na mguu huo umevimba kuliko wa kulia. Nadhani ni kwa sababu ya kuulalia upande mmoja, kwa hiyo sikutaka kumsumbua wifi.

Nirudi Ukerewe, nibaki hapa, au nilazwe? Na mtu analala vipi wiki tano nyingine bila kuchanganyikiwa?

Mama Mtarajiwa, Mwanza

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo uliloliita jambo dogo, kwa sababu ndilo lililotufanya tukupigie simu siku ileile tuliyoisoma barua yako, kabla hatujafikiria kuichapisha. Ulikwenda kupimwa siku hiyohiyo, na yaliyoonekana huko yabaki kati yako na daktari wako. Hapa nawaandikia wasomaji wengine walio katika hali kama yako. Ujauzito peke yake huifanya damu iwe rahisi kuganda ndani ya mishipa, na kulala muda mrefu bila kujongea huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo mguu mmoja unaouma na kuvimba kuliko mwenzake ni jambo la kwenda hospitali leo, si kliniki ijayo, maana donge la damu likitoka mguuni linaweza kufika kwenye mapafu. Kifua kikichoma ghafla au pumzi ikikata, msiulizane, tafuteni usafiri.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeniuliza mahali pa kukaa hadi siku ya kujifungua, lakini chini ya swali hilo nimesoma swali jingine ambalo hukuliuliza waziwazi, nalo ni kama uhai wa watoto hawa wawili unategemea jinsi unavyolala. Naona swali hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi, na ndilo linalofanya hata lile la kwanza liwe gumu kulifikiria kwa utulivu. Niruhusu nilianze hilo.

Kwa miaka mingi mama mwenye mapacha ameagizwa alale kitandani, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote: uzito ukipunguzwa juu ya mlango wa kizazi, mlango utavumilia zaidi. Agizo hili lilipopimwa kwa utafiti, matokeo hayakwenda hivyo. Mojawapo ya majaribio yanayotajwa sana lilifanyika hapa hapa Afrika, mjini Harare, Zimbabwe, na kuchapishwa mwaka 1985. Akina mama wenye mapacha waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakalazwa hospitalini wapumzike na wengine wakaendelea kukaa makwao. Waliolazwa hawakubeba mimba kwa muda mrefu zaidi. Kwa kweli waliojifungua kabla ya wakati walikuwa wengi zaidi upande wao. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba kulala kitandani kama agizo la kila mama wa mapacha kunazuia uchungu wa mapema, na leo chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani hakilishauri kama utaratibu wa kawaida, kwa kuwa misuli hulegea, damu huweza kuganda, na moyo wa mama huingiwa na huzuni.

Tafadhali usiyasome maneno haya kama ruhusa ya kuinuka na kushika ufagio. Wewe si kila mama wa mapacha. Tayari uchungu ulikuanza mara moja, mlango wa kizazi umefupika, na daktari aliyekupima ana sababu zake ambazo mimi sizioni kutoka hapa. Ninachokuomba ni umuulize alikusudia nini hasa. Je, unaweza kuketi wakati wa kula? Kuoga mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kigoda? Kutembea hadi chooni na kurudi? Kukaa uani asubuhi na jioni? Ninavyoisoma barua yako, nahisi huenda kati ya agizo ulilopewa na namna unavyolitekeleza kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo imejazwa na hofu. Madaktari wengi wanapomwambia mama apumzike wanamaanisha aache kubeba, kusimama muda mrefu na kufanya kazi za nyumbani. Wengine wanamaanisha zaidi ya hapo. Usibuni jibu. Liandike kwenye karatasi, uliulize, na umwombe aliandike kwenye kadi yako ya kliniki ili na watu wa nyumbani walisome.

Kuhusu kugeuka usingizini, naweza kukutoa wasiwasi. Katika miezi ya mwisho wajawazito hushauriwa walale ubavu badala ya chali, kwa sababu tumbo zito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ubavu wa kulia si kosa. Ukizinduka na kujikuta umeulalia, hukumdhuru mtu. Tena kubadilisha upande, kuchezesha vifundo vya miguu juu na chini mara nyingi kwa siku, na kunywa maji ya kutosha ni sehemu ya kujitunza ukiwa kitandani, ilimradi daktari hajakukataza kwa sababu ya pekee.

Na zile ndoo za maji. Mama mkwe alisema aliyoyasema akiwa mbali, akiwa na hofu ya wajukuu wake, na mwenye hofu hutafuta sababu anayoweza kuishika mkononi. Ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya mimba za mapacha huishia kabla ya wiki ya 37, na hutokea hivyo kwa wanawake wanaochota maji ziwani na kwa wale ambao maji yanawafuata jikoni kwa bomba. Kizazi kilichobeba wawili hutanuka mapema kuliko kilichobeba mmoja. Hakuna anayeweza kukuonyesha ndoo iliyofupisha mlango wako wa kizazi, wala sioni sababu ya wewe kuendelea kuitafuta.

Hata hivyo hofu haiondoki kwa kuelezwa tu. Umeniuliza mtu analala vipi wiki tano bila kuchanganyikiwa, na mimi nakuuliza: unakula? Machozi huja mara chache au kila siku? Kuna wakati unaona hakuna tena tumaini? Kama majibu ya maswali haya yanakutisha, mwambie muuguzi wa kliniki kama ulivyoniambia mimi, kwa maana huzuni nzito wakati wa ujauzito ni ugonjwa unaotibika kama ilivyo shinikizo la damu, na hakuna anayelionea haya shinikizo la damu. Kwa siku zilizobaki huenda ikakusaidia kuigawa siku yako: saa ya kuzungumza na binti yako, saa ya kusoma au kusikiliza redio, saa ya kuzijua tabia za watoto tumboni, yupi hucheza asubuhi na yupi ukishakula. Ukishazijua, utatofautisha utulivu wao wa kawaida na kupungua kwa kweli kwa kucheza, na hilo la mwisho ukilihisi uende hospitali bila kusubiri.

Sasa mahali pa kukaa. Uzito wa swali hili kwangu hauko kwenye kitanda. Mume wako anasema kitanda ni kitanda popote, na katika hilo yuko sahihi kuliko anavyojua. Kinachotofautiana ni umbali kati ya kitanda hicho na watu wanaoweza kumpokea mtoto mdogo. Watoto wakizaliwa wiki ya 33 wanaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua, kuwekwa kwenye joto, na kulishwa kwa mpira kwa sababu hawajajua kunyonya. Mtoto wa pili, kama bado amelala mkingamo baada ya mwenzake kutoka, anaweza kuhitaji mkono wa daktari mzoefu au upasuaji wa haraka, na mama wa mapacha huwa karibu zaidi na hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ni kweli kwamba wanawake wanajifungua mapacha Nansio, na wakunga wa huko wanastahili heshima. Lakini mimba yako ina historia yake, na iwapo kutatokea jambo linalohitaji Mwanza, kuna meli ya saa tatu au zaidi katikati, inayoondoka kwa ratiba yake na si kwa ratiba ya uchungu wako.

Pamoja na hayo, sisemi kwamba kurudi ni jambo lisilofikirika. Lina faida za kweli: binti yako, mume wako, nyumba unayoijua, na mama mkwe ambaye licha ya ukali wa ulimi wake ameacha mji wake ili kukutunzia mtoto. Tena si uamuzi unaofanywa mara moja ukaisha. Wiki ya 32 si sawa na ya 34, na ya 36 ni habari nyingine kabisa. Mapacha wenye makondo mawili, mambo yakienda vizuri, kwa kawaida huzalishwa kati ya wiki ya 37 na 38. Swali la kumpelekea daktari ni kama kuna wiki ambayo ukiifikia angekuwa na amani ukikaa Ukerewe, au kama kwa hali ya mlango wako wa kizazi na mlalo wa mtoto wa pili wiki hiyo haipo. Na jibu hilo mume wako alisikie mwenyewe. Ukiwa kliniki, omba ruhusa umpigie simu na kuweka sauti ya wazi ili daktari azungumze naye. Kwa sasa yeye anasikia agizo la kigeni lililofikishwa na mke anayelia, na wewe unasikia bei za nauli zilizofikishwa na mume aliyechoka. Daktari anaweza kuwasikilizisha jambo moja.

Ukibaki kwa wifi yako, uko karibu na msaada na mikononi mwa mtu anayekupenda, lakini hatari ya hapo ni kwamba mzigo wote umemwangukia mtu mmoja, na watu wema huchoka kimya hadi siku wanapoanguka. Umesikia akishusha pumzi ukaamua kwamba amekuchoka. Huenda ndoo ni nzito tu. Umewahi kumuuliza? Ungeweza kumwambia, "Wifi yangu, kati ya haya yote unayonifanyia, lipi linakuelemea zaidi tulipunguze?" Akisema ni ile ndoo, na daktari akakuruhusu kutembea hadi chooni, tayari mmepata nafuu wote wawili. Akisema ni genge, basi hilo ni jambo la kumfikishia kaka yake, kwamba asubuhi zilizopotea zina thamani ya fedha, na kwamba nauli ambayo haitumii sasa angeweza kuituma kwa dada yake. Nimeona pia kwamba katika barua nzima hukutaja mtu hata mmoja wa upande wa kwenu. Sijui kama mama yako yu hai au kama una dada. Kama yupo anayeweza kuja kwa wiki moja au mbili kumpokea wifi, huu ndio wakati wa kumwita, na usione kwamba kumwita ni kumtia aibu mwenyeji wako.

Kulazwa kuna faida ambayo hakuna nyumba inayoweza kuitoa, kwamba usiku wa manane ukianza uchungu kuna mtu hatua chache kutoka ulipo. Kuna pia upweke, makelele, usumbufu wa chakula, na maambukizi ambayo wodi yoyote yenye watu wengi huweza kuwa nayo, na utafiti niliokutajia unaonyesha kwamba kulazwa kwenyewe hakuongezi wiki. Thamani yake ni ukaribu. Hofu ya mume wako kuhusu gharama inastahili kupewa takwimu badala ya kupuuzwa au kukubaliwa gizani: ulizeni hospitali ni kiasi gani hasa kwa wiki, na kama mnashindwa, ombeni kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kusikiliza familia kama yenu. Tena kulazwa si lazima kuwe kwa wiki zote. Baadhi ya akina mama hukaa nyumbani karibu na hospitali na kuingia wodini dalili zinapobadilika au tarehe inapokaribia, na mnaweza kuuliza kama njia hiyo inakufaa.

Ile chupa iliyo chini ya kitanda usiinywe. Sisemi hivi kwa kudharau elimu ya wazee, lakini baadhi ya mizizi inayotumiwa katika uzazi hufanya kizazi kikaze, kinyume kabisa na unachokihitaji, na hakuna daktari anayeweza kukutibu vizuri asipojua ulichokunywa. Mume wako anaweza kumfikishia mama yake shukrani na kumwambia kwamba hospitali imekukataza kuchanganya dawa. Naamini mama huyu anatafuta nafasi katika uzazi huu, na nafasi ipo. Watoto wakizaliwa wadogo watahitaji kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Wakiwa wawili, kifua cha mama mmoja hakitoshi kwa saa zote hizo. Baba anaweza, shangazi yao anaweza, na bibi aliyekwisha kuwapa majina anaweza pia. Mkimwambia hivyo mapema, huenda akaona kwamba Kulwa na Doto hawajanyang'anywa kwake.

Binti yako hajakuacha. Mtoto wa miaka mitano ambaye mama yake ameondoka ghafla hukasirika, na hasira yake huitoa pale anapojua haitamgharimu upendo. Mpigie saa ileile kila siku, kwa muda mfupi, hata akikataa kusema; mweleze kwa maneno ya kweli kwamba huumwi, ila kuna watoto wawili ambao bado hawajawa tayari kutoka. Na bibi yake akimleta Mwanza kwa siku mbili tatu, gharama hiyo ya nauli huenda ikapunguza nusu ya shinikizo la kurudi.

Kuhusu shule nitakuwa mfupi, kwa sababu sheria yenyewe iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 anapojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Likizo hiyo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yako au ya watoto inahitaji hivyo. Kabla ya hapo kuna likizo ya ugonjwa, ambayo siku zake 63 za kwanza hulipwa kwa ukamilifu. Mtumie mkuu wa shule cheti cha daktari kwa maandishi na ubaki na nakala. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito hakuruhusiwi, na likitokea, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, jambo ambalo mume au ndugu anaweza kukusaidia kulifuatilia ukiwa bado umelala.

Popote mtakapoamua ukae, naomba watu wa nyumba hiyo wajue mambo yanayowapasa kukukimbiza hospitali: tumbo kukaza tena kwa vipindi, maji au damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo, homa, na watoto kupunguza kucheza. Muwe na namba ya dereva mliyekwisha kuzungumza naye kuhusu safari ya usiku, ndugu wawili walio tayari kuchangia damu, na mkoba uliofungwa wenye khanga na nguo za kutosha watoto wawili.

Limebaki jambo moja nililolifikiria sana. Umenieleza hofu yako ya maji, ya ndoo, ya ubavu wa kulia, kwa urefu na kwa uwazi. Sikuona mahali ulipoandika kwamba umemweleza mume wako. Umemweleza agizo la daktari, naye amekujibu kwa hesabu ya nauli, na kila mmoja akabaki na la moyoni mwake. Inawezekana kabisa kwamba kuacha kwake kuja ni uchovu na ukosefu wa fedha tu. Inawezekana pia kwamba naye anaogopa kukuona umelala hivyo, na kwamba "rudi nyumbani" ndiyo njia pekee anayoijua ya kusema kwamba nyumba imemshinda. Mimi sijui, na wewe pia hujui bado. Mpigie usiku, binti akishalala, na usianze na suala la kurudi au kubaki. Mwambie unavyojisikia ukizinduka usiku, kisha umuulize yeye analala vipi.

Kliniki yako ni wiki ijayo. Ukipata nguvu baada ya hapo, tuandikie daktari alivyojibu yale maswali ya kuketi, kuoga na kutembea, na mlivyozungumza wewe na baba yao. Simu yetu unayo. Jambo la mwili likikushtua, anza na hospitali, kisha utupigie.

Dada yako, Mshauri